Wanyama wa maabara wasichanganywe na mahindi ya GMO

Mhariri,

Msomaji mmoja aliandika katika ukurasa huu akiwashutumu wanasayansi wa ng'ambo wanaobadilisha jeni za panya na nguruwe ili kuchunguza sistiki faibrosisi, maradhi ya kurithi yanayoharibu mapafu na tumbo, na akadai kwamba jambo hilo halina tofauti na mahindi ya GMO, yaani yaliyobadilishwa jeni, ambayo tumevutana juu yake tangu serikali ya Kenya iondoe marufuku mwaka 2022. Nikiwa mwalimu wa baiolojia hapa Mombasa, naomba nafasi ya kuyatenganisha mambo hayo mawili. Mnyama wa maabara hafugwi ili aliwe wala hapelekwi sokoni. Hufugwa ili litafutwe jibu ambalo hakuna mzazi angekubali litafutwe ndani ya tumbo la mwanawe.

Maradhi haya hutokana na hitilafu katika jeni iitwayo CFTR, ambayo ilitambuliwa mwaka 1989, na mtoto huyapata akirithi jeni yenye kasoro kutoka kwa baba na kwa mama pia. Kazi ya jeni hiyo ni kuunda mlango katika utando wa seli, mlango unaopitisha chembe za chumvi ziitwazo kloraidi na bikaboneti, na maji hufuata nyuma yake. Mlango usipofunguka, ute wa mwilini hukauka na kuganda. Ni kweli kwamba wagonjwa wengi huuawa na mapafu, lakini kwa kawaida tumbo ndilo hutangulia kuonyesha dalili: kati ya asilimia 15 na 20 ya watoto wenye maradhi haya huzaliwa utumbo ukiwa umezibwa na choo cha kwanza kinachonata kama ulimbo. Kwa wengi wa wagonjwa pia mirija ya kongosho, kiungo kinachotoa vimeng'enya vya kusaga chakula, huziba, mafuta ya chakula yakatoka bila kusagwa, na mtoto akakonda ilhali anakula vizuri. Nahofia kwamba mtoto wa namna hiyo akifikishwa kliniki hapa Pwani, mama ndiye atakayelaumiwa kwanza kwa kutomlisha. Wala haya si maradhi ya Wazungu peke yao, kwani kuna kasoro moja ya jeni hiyo, 3120+1G>A, inayoonekana zaidi kwa watu wa asili ya Kiafrika.

Panya wa kwanza walioondolewa utendaji wa jeni hiyo walitangazwa mwaka 1992 na watafiti wa Chuo Kikuu cha North Carolina, Marekani. Wapinzani hupenda kutaja kwamba panya hao hawakupata maradhi ya mapafu kama ya binadamu, nao hawasemi uongo. Wanachokiacha ni kwamba matumbo yao yaliziba, na wengi wakafa wakiwa wachanga, hasa walipoanza kuacha maziwa na kula chakula kigumu. Mwaka 1994 watafiti wengine waliingiza jeni ya binadamu iliyo nzima ifanye kazi katika utumbo wa panya hao, na panya wakaishi. Kwangu mimi jaribio hilo lina uzito kuliko maneno yote ya mabishano haya, maana lilionyesha bila shaka kinachowaua na mahali kinapowaulia. Baadaye utumbo wa panya ndio uliosaidia kueleza kwa nini ute unaganda: bila bikaboneti ute hauwezi kukunjuka unapotoka kwenye seli, na ukiongezewa bikaboneti ya kutosha hulegea.

Kuhusu nguruwe, waliotangazwa mwaka 2008, msomaji mwenzangu aligusa imani ya wengi wetu, nami siidharau. Wanasayansi walimchagua kwa kuwa mwili wake unakaribiana na wetu kuliko wa panya, na kila nguruwe aliyezaliwa na kasoro hiyo alizaliwa utumbo umeziba. Hata hivyo, vimeng'enya wanavyomeza wagonjwa ili wasage chakula tayari hutolewa katika kongosho la nguruwe, na suala la dharura katika matibabu ni la masheikh, si langu wala la maabara. Kuna pia wanyama wadogo waitwao fereti, ambao takriban robo tatu ya wenye kasoro hiyo huzaliwa utumbo umeziba.

Kuna jambo moja ambalo mkazi wa mji huu hapaswi kulipuuza. Sumu ya kipindupindu huufungua mlango huo huo wa CFTR na kuuacha wazi, hivyo maji ya mwili yakamwagika utumboni. Mwaka 1994 watafiti waliwapa panya sumu hiyo: wasio na jeni nzima hata moja hawakutoa maji ya ziada, na wenye jeni moja nzima walitoa karibu nusu ya kiasi cha panya wa kawaida. Jaribio jingine lililofuata halikupata tofauti hiyo ya nusu, kwa hiyo dhana kwamba mbebaji wa jeni yenye kasoro hukingwa na kipindupindu haijathibitika. Lakini kwamba sumu inautumia mlango huo si jambo la kubishaniwa tena, na dawa za kuuziba zimekuwa zikitafutwa kwa sababu hiyo.

Mateso ya wanyama hawa yapo na yasifichwe. Nguruwe aliyezaliwa utumbo umeziba hufa asipopasuliwa, na panya huwekewa dawa ya kulainisha choo katika maji yao maisha yao yote. Huko ndiko ningependa maswali makali yaelekezwe: je, idadi ya wanyama ni ile tu inayohitajika, je, maumivu yanatulizwa, na je, jibu haliwezi kupatikana katika vipande vya utumbo vinavyooteshwa maabarani kutoka kwa seli za mgonjwa mwenyewe?

Ombi langu kwako, Mhariri, ni kwamba gazeti likichapisha tena habari za aina hii, liwaeleze wasomaji ni mnyama yupi, ni jeni ipi iliyobadilishwa na ni swali gani lililokuwa likiulizwa, badala ya kuweka picha ya gunzi la hindi juu ya habari ya panya.

Mwalimu wa Baiolojia,
Kisauni, Mombasa