Malalamiko kuhusu vioo vya mdomo mlivyotuuzia: jino moja, picha mbili

Kliniki ya Meno,
Mbagala,
Dar es Salaam.

Meneja Mauzo,
Kampuni ya Vifaa vya Meno,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: VIOO VYA MDOMO VISIVYOLINGANA NA MAELEZO YA BOKSI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nawaandikia kwa niaba ya kliniki yetu. Tulinunua kwenu vichwa vya vioo vya mdomo, yaani vioo vidogo vya kutazamia meno, saizi namba 4 na namba 5, pamoja na mipini yake. Risiti ya mashine ya kodi (EFD) ipo na nakala nimeiambatanisha. Kwenye boksi, na kwenye ankara yenu vilevile, imeandikwa kuwa ni vioo vya rodiamu vinavyoakisi kwa uso wa mbele. Si kweli. Ni vioo vya kawaida vilivyopakwa nyuma, na tumevilipia bei ya vile vya mbele.

Nilipopiga simu, kijana wenu wa mauzo alinijibu kwa heshima zote: "Dokta, kwani kioo si kioo tu? Mbona ukijitazama unajiona vizuri?" Sikumgombeza. Lakini jibu lake ndilo lililonifanya nikae chini niandike, kwa sababu nahisi hata hapo ofisini kwenu huenda hakuna aliyemweleza kifaa hiki kinafanya kazi gani.

Sisi hatujitazami, kijana. Kwa magego ya juu, hasa upande wa nyuma na upande wa kaakaa, jicho halifiki hata mgonjwa apanue kinywa namna gani. Kwa hiyo tunaangalia kioo na tunachimba kwa kufuata kioo. Mkono unaelekea mbele na kwenye kioo unaonekana unarudi nyuma, na anayejifunza kazi hii husumbuka sana kabla mkono haujazoea kugeuza mambo hivyo. Kioo hichohicho ndicho kinachovuta shavu, kinachozuia ulimi usifike kwenye mashine ya kuchimbia, na kinachorusha mwanga wa taa kwenye kona yenye giza. Kati ya vifaa vyote vya kwenye trei, hiki ndicho kisichotoka mkononi tangu mgonjwa anapolala kitini hadi anaponyanyuka.

Sasa, kioo kilichopakwa nyuma kina nyuso mbili zinazorudisha mwanga. Mwanga ukigonga uso wa mbele, sehemu ndogo, kama asilimia 4, inarudi hapohapo. Uliobaki unapenya kioo, unafika kwenye mpako wa madini ya fedha kule nyuma, ndipo unarudi. Matokeo yake ni picha mbili za jino lilelile, moja iliyokolea na moja hafifu, na zinapishana kidogo kama picha ya gazeti ambalo rangi zake zimehama wakati wa kuchapa. Ukikitazama wima huoni shida yoyote, ndiyo maana kijana wenu anajiona vizuri. Mdomoni hatukishiki wima hata siku moja. Tunakilaza, na kadiri unavyokilaza ndivyo zile picha zinavyoachana.

Rodiamu hupakwa mbele ya kioo kwa sababu hiyo. Ni metali ya jamii ya platinamu, ngumu, haipati kutu wala haififii hewani kama fedha. Kwa kurudisha mwanga, fedha inaizidi, hilo nalikubali. Lakini fedha haiwezi kukaa wazi mdomoni, lazima ifichwe nyuma ya kioo, na ukishaificha umeileta picha ya pili.

Kama mnabisha, fanyeni jaribio hili hapo dukani. Chukueni probu, kile kifaa chenye ncha kali cha kuchunguzia mashimo, mguse kioo kwa ncha yake taratibu. Kwenye kioo cha uso wa mbele, ncha na taswira yake kiooni vinakutana, vinabusiana kabisa. Kwenye kioo kilichopakwa nyuma unabaki mwanya kati ya ncha na taswira yake, nao unatokana na unene wa kioo. Vioo vyenu tumevijaribu mbele ya wafanyakazi wote wa kliniki, na vyote vina mwanya.

Mnaweza kuona ni jambo dogo. Alikuja mama mmoja na gego la juu lililotoboka upande wa nyuma, pale linapopakana na jirani yake. Nilishasafisha uozo, nikawa naufuatilia ukingo wa shimo ili nijue niishie wapi. Ukingo ukawa mistari miwili. Ule wa ndani ndio wa kweli au ule wa nje? Ukifuata usio wa kweli, ama unaacha uozo chini ya dawa ya kuziba, ama unakula sehemu ya jino isiyo na kosa. Nilisimamisha mashine, mama naye akaniuliza kwa macho kulikoni, nikamwomba msaidizi atafute kichwa cha zamani kwenye droo. Kilikuwa na mikwaruzo, ila kilionyesha mstari mmoja. Kazi ikaisha nacho.

Ukungu hatuwalaumu. Kwa joto la Dar na kiyoyozi cha chumbani, kioo chochote kikiingia mdomoni kinafunga ukungu. Tunakipasha kidogo kwenye shavu, tunamwambia mgonjwa apumue kwa pua, yanaisha.

Tunachowalaumu ni ukingo. Kioo kimewekwa ndani ya kikombe cha chuma na kuzibwa pembeni kwa gundi. Vifaa vyetu vinapita kwenye otoklevu, mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke, nyuzi 134 kwa dakika 3 au nyuzi 121 kwa dakika 15, kama kila kliniki inavyotakiwa. Chuma kikipata joto hutanuka kuliko kioo, kwa hiyo gundi dhaifu inaachia, mvuke unaingia, na fedha ya nyuma inaanza kuliwa kutoka pembeni kuja katikati. Vyenu vimeshapata madoa meusi ukingoni, na kimoja kina doa kubwa karibu nusu ya kioo. Najua mtasema ni maji yetu, kwa kuwa wengi huku tunategemea visima na maji ya visima vya Dar mengi yana chumvi. Otoklevu yetu haijawahi kuonja maji ya kisima. Tunanunua maji yaliyotoneshwa, na vioo havilowekwi kwenye klorini. Vichwa vya zamani vimepita mashine hiyohiyo na maji hayohayo, na ukingo wake mpaka leo ni mweupe.

Kuna jambo la tatu, na hili ndilo linalonitisha. Vichwa vya vioo vina mashina ya aina mbili: lenye skrubu peke yake, na lenye koni chini ya skrubu, linalokaa ndani ya mpini na kujikaza. Mipini mliyotuuzia ni ya koni. Kwenye boksi za namba 5 mmechanganya mashina ya aina zote mbili, na hesi zake (mikato ya skrubu) haziingiliani. Lile lisilo na koni unalizungusha kidogo linashika, unadhani limekaza. Ukivuta shavu nalo, kichwa kinageuka chenyewe. Mgonjwa amelala chali, mdomo wazi, koo linaangalia juu. Kichwa kikichomoka hapo kinaweza kumezwa, au kibaya zaidi kikaingia njia ya hewa. Hatukusubiri tuone. Boksi zote za namba 5 tumezifunga kwa plasta na kuandika USITUMIE.

Mipini yenyewe ni myembamba na laini tupu, haina hata mikato ya kuzuia kuteleza. Ukiwa na glavu iliyolowa mate lazima uibane kwa nguvu, na jioni kidole gumba kinakudai. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 katika jarida la chama cha madaktari wa meno cha Marekani ulipima mipini ya vifaa vya kukwangulia ugaga, ukaona kwamba mpini wa milimita 10 wenye uzito usiozidi gramu 15 ndio unaochosha mkono kidogo zaidi. Ya kwenu ni kama spoku ya baiskeli iliyonyooshwa. Hii siidai fidia, ila mwambieni mtengenezaji.

Tunachodai ni hiki. Mvichukue vichwa vyote na mtuletee vya uso wa mbele kweli, mashina yote yawe ya koni, na tuvijaribu kwa probu mbele ya mtu wenu kabla hatujasaini kupokea. Kama hamna, mturudishie fedha yetu yote. Msitupe vocha ya kununua vitu vingine dukani kwenu. Pia muwajulishe wateja wengine mliowauzia boksi za namba 5, kwa sababu hatari ya kichwa kuchomoka haiko Mbagala peke yake.

Tunawapa siku 14 tangu mpokee barua hii. Zikipita kimya, nakala itakwenda Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) pamoja na boksi moja kama kielelezo, na nyingine Tume ya Ushindani, ambayo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 imeipa kazi ya kumlinda mlaji dhidi ya maelezo ya uongo kuhusu bidhaa.

Atakayekuja aje mchana baada ya saa nane, asubuhi foleni ya wagonjwa ni ndefu. Na kama itawezekana, mtumeni yule kijana wa kwenye simu. Probu nitamshikisha mwenyewe.

Wako,

Tabibu wa Meno Mfawidhi