Simenti inaziua nyumba za chokaa

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na mafundi waashi wenzangu. Mimi ni mzaliwa wa Bagamoyo, na huu ni mwaka wa tisa natengeneza nyumba kongwe huku Norfolk, mashariki mwa Uingereza. Tangu Machi tuko kwenye nyumba ya shamba ya matofali mekundu, ya zama za wafalme wanne walioitwa George, waliotawala kwa kufuatana kati ya 1714 na 1830.

Nyumba hiyo imepimwa ikapimika. Mlango uko katikati, madirisha mawili kila upande, na matano ghorofani, mafupi kuliko ya chini. Katika kila kozi, yaani kila mstari wa matofali, tofali moja limelazwa ubavu, linalofuata limetoa kichwa, hivyo hivyo hadi kwenye pembe. Juu ya madirisha wamepanga matofali laini yaliyosuguliwa kwa mkono yakawa kama kabari, na chokaa iliyo katikati yake ni nyembamba kama kadi ya simu. Sijawahi kuona kazi kama ile. Zizi la nyuma lilijengwa baadaye, kwa matofali manene zaidi: mwaka 1784 serikali ilianza kutoza kodi kwa idadi ya matofali, basi wafyatuaji wakayanenepesha.

Lakini ukuta wa magharibi unatia uchungu. Kuna fundi aliwahi kuuziba viungo vya kati ya matofali kwa simenti. Chokaa hunywa maji ya mvua na kuyatoa tena. Simenti ikayafungia ndani ya tofali, baridi ikayagandisha, nyuso za matofali zikabanduka. Niligusa moja kwa kidole, likanimwagikia unga mwekundu kiganjani. Kutwa nzima ya kuchokoa simenti kwa patasi hunipatia eneo la mlango mmoja tu.

Kwetu pwani hakuna barafu, ila kuna chumvi, nayo hula ukuta vilevile unyevu ukikosa pa kutokea. Nilipokuja likizo Desemba nilikuta nyumba ya mawe ya matumbawe, jirani na kwa bibi yangu, inapigwa lipu ya simenti. Nilimsihi fundi, akaniambia chokaa ni mambo ya kizamani.

Ndugu zangu, kabla ya kufungua mfuko, chukueni msumari mchokonoe kiungo. Kikichimbika kirahisi na kuacha unga mweupe, hiyo ni chokaa. Rowekeni chokaa, changanyeni na mchanga, na simenti ibaki stoo.

Fundi mwashi,
Norfolk, Uingereza