Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia: kabla ya tovuti mpya, maelezo ya data

Mheshimiwa Waziri,

YAH: DATA ZA UTAFITI ZISIZO NA MAELEZO

Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu.

Sisi ni watafiti na watunza data wa jijini Dodoma. Tunaomba malipo ya mwisho ya kila mradi wa utafiti unaogharamiwa na fedha za umma yasitoke mpaka data zake ziwekwe kwenye hazina ya data, yaani mahali zinapotunzwa kwa kudumu ili wengine wazipate, zikiambatana na maelezo yanayomwezesha mtu asiyemjua mtafiti kuzitumia. Uzito wa ombi uko kwenye hayo maelezo.

Faida yake ipo hapa hapa mkoani. Kina cha maji ya visima vya Makutupora, vinavyonywesha jiji hili, kimepimwa kwa miongo mingi, na wapimaji wa mwanzo walikuwa wakifanya kazi yao ya kawaida tu. Mwaka 2013 ulichapishwa uchambuzi wa vipimo vya miaka 55. Ulionyesha kwamba maji yale ya ardhini hujazwa hasa na misimu michache ya mvua kubwa kupita kiasi, kama ule wa El Niño wa 1997/98. Mradi wa miaka mitatu usingeweza kuliona jambo hilo, na rekodi zile zingetupwa kila bosi anapohama, lisingeonekana kabisa.

Mara nyingi faili halijapotea. Lipo, linafunguka, ila halisomeki kwa maana. Chukua mfano wa kuandika saa. Mkusanya data anaandika 3:00 akimaanisha saa tatu asubuhi. Simu inaandika 09:00. Safu zikiunganishwa, joto la udongo la asubuhi linaingia kwenye kumbukumbu za usiku wa manane, na hakuna programu itakayolalamika. Dawa ni kuandika saa zote kwa mfumo wa 00 hadi 24, na kutaja kwenye maelezo kwamba ni saa za Afrika Mashariki.

Mahali nako kuna mtego wake, tena wa kwetu. Longitudo 36 mashariki inaukata mkoa wa Dodoma: jiji liko kanda ya 36 Kusini ya UTM, mfumo wa ramani unaotaja mahali kwa mita ndani ya kanda, Kongwa na Mpwapwa ziko kanda ya 37. Namba za shamba la Kongwa zikiandikwa bila kanda na kusomwa kama za jijini, shamba linahamia zaidi ya kilomita 600 magharibi, karibu na Ziwa Tanganyika. Kosa hilo angalau linaonekana kwenye ramani. Baya zaidi ni lile dogo: ramani za zamani zilichorwa kwa Arc 1960, vifaa vya GPS hutumia WGS84 (yote miwili ni misingi ya kupimia mahali duniani), na tofauti ni karibu mita 300. Kisima kinavuka korongo na hakuna anayeshtuka. Tunashauri nyuzi za desimali kwa WGS84, tarakimu nne baada ya nukta. Hiyo ni takriban mita 11, inatosha kabisa.

Msimu wetu wa mvua ni mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, hivyo unavuka mwaka. Jedwali la mavuno ya uwele lililoandikwa “2016” tu ni la 2015/16 au 2016/17? Na “magunia kwa eneo” ni gunia la kilo ngapi, kwa ekari au kwa hekta? Hekta ni ekari 2.47, basi anayekisia vibaya anakosea zaidi ya mara mbili. Siku ambayo mvua haikupimwa iachwe wazi; sifuri maana yake ni kwamba ilipimwa na haikunyesha. Wengine hujaza 99 kuonyesha haikupimwa, kisha anakuja mwingine anapiga wastani akidhani ni milimita 99 za mvua.

Kinachotakiwa si kikubwa. Kila mradi uwasilishe jedwali la data kwa CSV, faili la maandishi matupu ambalo programu yoyote hulifungua. Kamusi ya data inayotaja jina la kila safu, kipimo chake na misimbo yake. Na faili fupi la “soma kwanza” linaloeleza nani alipima, wapi, lini, kwa kifaa gani, na nini kiliharibika njiani. Excel si mahali pa kuhifadhi. Oktoba 2020 Uingereza iliacha nje ya taarifa zake za kila siku visa karibu 16,000 vya Uviko-19 kwa sababu faili la xls, aina ya zamani ya Excel, halibebi zaidi ya mistari 65,536.

Mheshimiwa Waziri, tunakusihi msianze na tovuti mpya ya kuwekea data. Tovuti ya mradi hufa mradi unapoisha, na kiungo kilichotajwa kwenye makala kinabaki mfu. Data zisizo nyeti zinaweza kuwekwa leo kwenye Zenodo, hazina ya data ya mtandaoni inayoendeshwa na CERN, kituo cha utafiti wa fizikia cha Ulaya: ni bure, inapokea hadi gigabaiti 50 kwa rekodi moja, na inatoa DOI, kitambulisho cha kudumu ambacho wengine watakinukuu. Nakala ibaki kwenye taasisi hapa nchini. Fedha za tovuti ziajiri mtunza data katika kila taasisi. Mkutubi mzuri akipewa mafunzo anaifanya kazi hii vizuri kuliko fundi wa kompyuta.

Hofu ya watafiti kuporwa makala ni ya haki. Wapewe miezi 12 baada ya mradi kufungwa, maelezo yakiwa wazi tangu siku ya kwanza na data zilizokwisha kuwekwa zikifunguliwa baadaye.

Taarifa za watu ni jambo jingine. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ina masharti hata ya kuzipeleka nje ya nchi, na kufuta majina hakutoshi: kijiji, umri na kazi adimu vinamtaja mtu waziwazi. Data za kaya zipunguziwe usahihi wa mahali hadi tarakimu mbili za desimali, yaani kama kilomita moja, na kwenye vijiji vidogo hata hiyo haitoshi. Zilizo nyeti zibaki ndani, zitolewe kwa maombi.

Mwisho, fomu za ridhaa. Nyingi hunakiliwa kutoka fomu za zamani zenye sentensi kwamba taarifa “zitaharibiwa baada ya utafiti”. Mshiriki akishasaini hapo, hakuna hazina inayoweza kuzipokea, hata zikiwa safi namna gani. Kuibadilisha sentensi hiyo hakuhitaji bajeti. Waraka mmoja kwa kamati za maadili unatosha, na ukitoka kabla ya Mei utawahi kazi za nyanjani za kiangazi.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Watafiti na watunza data,
Dodoma