Barua kwa Baraka, kabla hujampeleka kijana Naivasha

Kaka Baraka,

Salamu kwako, kwa shemeji na kwa watoto wote. Sisi huku Tanga tu wazima, tunamshukuru Mungu.

Nimefurahi sana kusikia kwamba yule kijana wako amekolea mashindano ya magari na kwamba Safari Rally ijayo utampeleka Naivasha. Mpeleke, kaka. Unasema mabingwa kama Ogier na Rovanperä anawajua mpaka namba za magari yao. Hilo ni jema. Lakini kabla hamjaondoka, mkalishe chini umuulize kama anamjua Patrick Njiru, dereva wa Kenya. Akisema hamjui, msimulie haya.

Pasaka ya mwaka 1993, Toyota ilikuja Kenya na Celica zenye turbo na injini za cc 2000, ikazoa nafasi zote nne za juu. Kankkunen wa kwanza, Alén wa pili, Ian Duncan wa tatu, Iwase wa nne. Hayo yameandikwa kila mahali. Kisichosemwa sana ni kwamba Subaru nao walileta Vivio. Unaikumbuka Vivio? Ni kale kagari ka Kijapani ka kwendea sokoni, injini yake cc 658, haifiki hata nusu ya Corolla ya cc 1500. Ilikuwa na supachaja ya kuipa injini nguvu, tena ikivuta kwa magurudumu yote manne, basi ikaingizwa njiani pamoja na hayo madude.

Na zile njia za enzi hizo si hizi za leo. Barabara hazikufungwa. Dereva wa mashindano alikutana na malori, matatu, ng'ombe na watoto wa shule. Magari ya timu kubwa yalifungwa vyuma vizito mbele kwa ajili ya wanyama, na bomba la hewa lililopanda mpaka usawa wa paa ili injini isinywe maji wakati wa kuvuka mto. Helikopta iliruka juu kumtahadharisha dereva kilichoko mbele. Sasa weka Vivio kwenye shughuli hiyo, siku baada ya siku, mawe na matope.

Moja ya Vivio hizo alipewa Colin McRae, kijana wa Uskoti ambaye miaka miwili baadaye alikuja kuwa bingwa wa dunia. Aliikimbiza kwelikweli, lakini haikufika mwisho. Iliyofika ni ya Njiru. Alimaliza wa 12 kwa jumla! Mimi nasema wazi, nafasi ile ya 12 naithamini kuliko ushindi mwingi wa Safari ninaoujua. Gari dogo halisamehe. Kila shimo ambalo Celica inalipita kwa ubavu wa springi zake, wewe lazima uliamulie mapema upite wapi na kwa mwendo gani. Pale ndipo inapojulikana nani dereva. Mwaka uliofuata Njiru huyohuyo akapewa Impreza, akamaliza wa 4. McRae naye alirudi, akaishinda Safari mwaka 1997, 1999 na 2002, ila kwa magari makubwa.

Joginder Singh bila shaka kijana amemsikia, maana huko kwenu ndiye Simba wa Kenya. Mwambie tu kwamba Volvo PV544 aliyoshinda nayo mwaka 1965 akiwa na mdogo wake Jaswant haikuwa gari jipya. Ilikuwa imeshapigishwa Safari ya mwaka uliotangulia, yeye akaichukua na kuitengeneza. Mwaka 1963 yalianza magari 84 na mwaka 1968 yakaanza 93, na mara zote mbili yaliyofika mwisho ni 7 tu. Joginder alikuwamo mara zote mbili.

Na sisi Watanzania tusisahauliwe, tafadhali. Bert Shankland, Mskoti aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, alishinda Safari mwaka 1966 na akarudia 1967 kwa Peugeot 404, msoma ramani wake akiwa Chris Rothwell. Mara mbili mfululizo! Vijana wa huku ukiwatajia jina hilo wanakukodolea macho, na inaniuma. Peugeot 404 zenyewe wazee bado wanazizungumzia kwa heshima, lakini mtu aliyezipa sifa hiyo hawamjui.

Mwisho kuna la mwaka 1973, hili atalipenda. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Kampala, alimaliza na Datsun 240Z akiwa sawasawa kwa pointi za adhabu na Harry Källström wa Sweden. Baada ya njia yote ile, sawasawa! Wakaangalia nani aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu yake ya kwanza, ushindi ukaenda kwa Mehta. Baadaye akashinda tena 1979, 1980, 1981 na 1982.

Sasa nina ombi. Ukipita kwa wale wauza magazeti na picha za zamani hapo Nakuru, nitafutie picha ya Vivio ya Njiru ikiwa njiani, yenye matope yake. Bei yoyote, nitakutumia kwa simu. Na kijana mwambie akitoka Naivasha aniandikie mwenyewe, aniambie ni dereva gani wa hapo nyumbani aliyemwona akimaliza.

Nduguyo,
Rashidi