Hati tuliitunza, daftari tukalitia jikoni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo lililotokea kwetu hapa Pasua, Moshi, baada ya arobaini ya bibi yetu, mama yake mama. Nalieleza nikiwa mtu aliyefanya kazi ya ukarani wa mahesabu katika chama cha msingi cha kahawa mpaka nikastaafu. Historia niliisomea shuleni tu kama wengine.

Chini ya kitanda cha marehemu kulikuwa na sanduku la mbao lenye misumari ya shaba, la Kizanzibari. Sote tulijua lina karatasi za babu yake, mfanyabiashara wa Pangani aliyekuwa na mashamba ya minazi na miwa kando ya mto, na aliyepeleka misafara huku Kilimanjaro kutafuta pembe za ndovu enzi za Mangi Rindi, mtawala wa Moshi. Mwanawe mmoja alihamia Moshi wakati reli ilipofika, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na sanduku likaja naye. Bibi alikuwa akilifungua mara moja kwa mwaka, anatia naftalini, anafunga. Hakuna aliyethubutu kuligusa.

Siku ya kugawana vitu, binamu yangu akalifungua na kutenga mafungu mawili. Karatasi zenye mihuri akasema ni hati, zitunzwe. Zilizobaki, yaani madaftari marefu membamba, barua zilizokunjwa mara nne na vikaratasi vya hesabu, akasema ni takataka. Zote zimeandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na kati yetu hakuna aliyeweza kuzisoma kwa haraka, basi hakupingwa. Nilipotoka uani kumwaga maji nikamkuta mama mdogo anachochea jiko la kuni, juu kuna sufuria ya pilau, na mkononi ameshika kurasa za daftari kama anavyoshika maganda ya mahindi. Nikapokonya nilichoweza: daftari moja zima, jingine limeungua pembe, na mafurushi mawili ya barua yaliyofungwa uzi. Mengine yalishakuwa majivu. Pilau lenyewe lilikuwa tamu, nisiseme uongo.

Hati zilizotunzwa tulimpelekea mwalimu wa madrasa mmoja ambaye bado anasoma maandishi ya zamani. Moja yao, ya mwaka 1304 wa Hijria, ambao unaangukia 1886 na 1887, inasema kwamba mtu fulani wa Pangani amemuuzia mzee wetu shamba lake la minazi, mipaka yake ni hii na hii, na fedha zimepokewa mbele ya mashahidi. Binamu hakungoja mwalimu amalize. Jioni ile ile kundi la WhatsApp la ukoo likajaa ujumbe: tuna shamba Pangani, changieni nauli, tutafute na mwanasheria.

Mwalimu yeye alikuwa amekwama kwenye neno moja, khiyari. Akatueleza polepole. Riba ni haramu, lakini mwenye shamba anahitaji fedha, na tajiri hatoi bure. Kwa hiyo pwani na Visiwani watu walifanya bei ya khiyari: mkopaji "anamuuzia" tajiri shamba lake kwa sharti kwamba akirudisha fedha katika muda waliopatana, shamba linarudi kwake. Mara nyingi mwenye shamba anabaki humo humo, anaangua nazi zake kama kawaida, ila sasa analipa kodi, na kodi hiyo ndiyo faida ya tajiri. Ukiisoma hati peke yake unaona mauzo. Kumbe ni rahani. Kama iliishia kuwa mauzo ya kweli au mkopo ulilipwa, hati haikuambii. Hilo hukaa kwenye hesabu.

Tukalifungua daftari lililoungua pembe. Ilituchukua Jumamosi tatu kumpata yule mtu. Jina lake liko juu, jina la shamba liko chini yake, kisha malipo yanashuka moja baada ya jingine: rupia kadhaa, nazi kadhaa, safari moja kalipa kwa sukari guru. Na juu ya ukurasa mzima umepigwa mstari mmoja wa wino, kutoka pembe ya juu kulia hadi chini kushoto. Mimi sikuhitaji mwalimu anisomee mstari ule. Ndivyo tulivyokuwa tukifunga deni la mkulima pale chamani akimaliza kulipia pembejeo zake. Yule mwenye shamba alilipa, akarudishiwa shamba lake. Lau mama mdogo angefika ukurasa ule, leo tungekuwa na hati yenye muhuri, ushahidi wa kuikanusha umeivisha pilau, na sisi tuko barabarani kwenda kudai mali ya watu. Kundi la WhatsApp limenyamaza tangu hapo, ila nauli za watu hazijarudishwa zote.

Simlaumu sana binamu. Heshima ya muhuri tumeirithi. Mwaka 1895 Wajerumani walitoa amri kwamba ardhi isiyo na mwenyewe ni ya serikali, na anayedai ni yake athibitishe. Tangu hapo hati ikawa roho ya nyumba, na daftari likawa karatasi tu. Lakini karani yeyote atakwambia kwamba stakabadhi iliyochanwa kutoka kwenye kitabu chake inaweza kusemeshwa lolote. Hata uzi una maana. Yale mafurushi mawili niliyookoa yalifungwa hivyo na mzee mwenyewe: kila furushi ni msafara mmoja, barua za kiongozi wa msafara, orodha ya mizigo, na hesabu ya waliporudi. Wajukuu walipoanza kuzifungua na kuzipanga upya, za wino mzuri huku na zilizofifia kule, nilipiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini.

Sasa nifike kwenye lililo gumu zaidi. Katika daftari lile zima kuna kurasa za mgawo wa nguo: huyu doti moja ya merikani, yule kaniki, mwingine shuka tu. Majina ni Mabruki, Feruzi, Almasi, Baraka. Anayejua mambo ya pwani anajua majina hayo yalipewa akina nani na yalipewa na nani. Mjomba, baba yake huyo binamu, aliposikia yakisomwa alivua miwani akaniambia, "Mwanangu, ya Pangani yaache Pangani." Kumbe yeye alijua muda wote, na nadhani hakusikitika kuona jiko linawaka. Hofu yake naielewa. Utumwa haukufutwa kisheria Tanganyika mpaka mwaka 1922, mama yake bibi akiwa tayari mtu mzima. Tumeoleana na watu. Hakuna anayetaka mkwewe agundue kwenye daftari letu kwamba babu yake aliandikwa ukurasa mmoja na majembe.

Lakini nilimjibu mjomba kwa adabu, na narudia hapa, kwamba Mabruki huyo hakuachiwa hati yoyote. Kuna uwezekano mkubwa kwamba mstari ule, doti moja ya merikani, ndio mahali pekee duniani jina lake limeandikwa. Tukiuchoma tunajisitiri sisi, na yeye tunamfuta mara ya pili. Mjomba hajakubali. Amesema tu kwamba daftari lisisomwe kwa sauti wageni wakiwepo.

Hiyo merikani yenyewe ina kisa chake. Ilifumwa katika viwanda vya Massachusetts, Marekani, ikaletwa Zanzibar na meli za wafanyabiashara wa Salem, mji wa huko huko, waliofuata pembe, ngozi na sandarusi, ndipo ikapanda huku mabegani mwa wapagazi. Mmoja wa wafanyabiashara hao, Richard Waters, alikuwa balozi mdogo wa kwanza wa Marekani Zanzibar, tangu 1837. Aliporudi kwao akawa mwenye shamba huko Beverly, karibu na Salem. Barua zake, hesabu zake na shajara yake zimo katika maktaba ya makumbusho ya huko kwao mpaka leo. Anayetaka kujua jinsi Jairam Shivji, mkuu wa forodha wa Zanzibar, alivyouza na kununua, huishia kusoma karatasi za Waters na wenzake wageni. Tajiri mkubwa namna hiyo, tunamchungulia kupitia dirisha la mteja wake! Na maktaba hiyo ilipohamishiwa Rowley, mji usio mbali, mwaka 2018, badala ya kurudishwa Salem, watu wa Salem walilalamika kweli kweli kwamba karatasi za mababu zao zinaondolewa mjini.

Sisi wa Moshi nyaraka za taifa ziko Dar es Salaam, zaidi ya kilometa 500, au uvuke bahari uende kwenye nyaraka za Zanzibar, Kilimani, Unguja. Hakuna mjomba atakayeruhusu sanduku la mama yake lipande basi. Nilijaribu ofisi moja hapa mjini, nikaambiwa nirudi na karatasi "zilizotafsiriwa na kugongwa muhuri wa wakili". Nikacheka mbele ya yule kijana, jambo ambalo halikunisaidia.

Ninachoomba ni kidogo. Maktaba ya mkoa itenge meza moja, hata mara mbili tu kwa mwezi, yenye kamera na mtu anayesoma Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Familia ije na karatasi zake kama zilivyo, na nyuzi zake, zipigwe picha ukurasa kwa ukurasa pamoja na zile zisizopendeza, kisha mwenyewe arudi nazo nyumbani. Walimu wa kuzisoma wako misikitini kwetu, wengi wao wazee, na hawaombwi. Na wakati tukisubiri, tafadhali msipeleke karatasi za namna hii steshenari kufungwa plastiki ya moto, wala msizibandike selotepu. Moja ya hati zetu iliwahi kubandikwa, na sasa jina la shahidi wa pili limegeuka doa la kahawia.

Kwa sasa tunakutana kila Jumamosi baada ya Alasiri, mwalimu, mimi na mpwa wangu anayepiga picha kwa simu. Tumefika furushi la pili. Ndani yake kuna orodha ya wapagazi walioachwa Moshi kwa ugonjwa, wanane, kila mmoja na kabila lake na deni alilodaiwa. Kama kuna msomaji ambaye kwao wanasimulia kwamba babu yao alikuja na msafara kutoka Pangani akaugua njiani akabaki huku, aje na simulizi yake, na karatasi kama zipo. Mhariri anajua namna ya kunipata. Mjomba nitaongea naye.

Mkazi wa Pasua,
Moshi