Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: binti aliyenong'ona "kanieneo"

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,
Dodoma.

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni mwalimu wa fizikia na kemia katika shule moja ya kata mkoani Tanga. Mwaka huu nimeongezewa na biolojia ya kidato cha kwanza, maana mwenzangu amehama. Barua ya mwalimu kwenda kwako ingepita kwa mkuu wa shule, kisha kata, kisha wilaya, na kila mezani ingelala siku zake. Nimeona niiandike hadharani. Naomba radhi kwa kukata njia.

Ninachoomba ni kidogo: kurasa nne au tano nyuma ya kila kitabu cha sayansi cha kidato cha kwanza na cha pili. Kurasa za istilahi, Kiingereza upande huu, Kiswahili upande ule. Basi.

Machi nilikuwa nafundisha "pressure". Nimeandika fasili ubaoni, nimeandika fomula, P, F na A, na darasa limenyamaza kama msiba. Nikamtuma mtoto alete ndoo ya lita 20 iliyojaa maji, ile ambayo plastiki ya kwenye kishikio imeshavunjika ukabaki waya mtupu. Mvulana mmoja akaibeba kutoka mlangoni hadi dirishani. Alipoitua, vidole vilikuwa na mfereji mwekundu. Nikakunja kipande cha kanga mara nne, nikakizungushia ule waya, nikamwambia arudi nayo mlangoni. Safari hii alikwenda akicheka. Maji yaleyale, mkono uleule. Nikauliza, kwa Kiingereza, kumebadilika nini. Kimya. Ndipo binti mmoja wa dawati la nyuma akanong'ona: "Madam, hiyo si kanieneo?"

Mheshimiwa, nilimjibu, "English, please."

Sikukusudia ubaya. Ni mazoea, tangazo limebandikwa mlangoni na mimi ni mmoja wa waliolibandika. Binti akainamisha kichwa, na wiki ile nzima sikuuona tena mkono wake.

Usiku nikiwa nasahihisha madaftari, neno lile likanirudia. Kani, yaani ule msukumo au mvuto, na eneo. Nililoliandika ubaoni kwa herufi tatu, mtoto alikuwa amekuja nalo kutoka shule ya msingi, kunakosomeshwa kwa Kiswahili, limefungashwa katika neno moja. Aliyelishika ameshashika fomula, kilichobaki ni kumwambia agawanye. Neno la Kiingereza halimnong'onezi chochote, kwa sababu mtaani kwetu "presha" ni ugonjwa wa bibi yake. Hata hapo pana somo zuri, maana presha ya bibi ni kanieneo ya damu kwenye kuta za mishipa, lakini nani atamwambia, kama tumeshamkataza kulitaja neno lenyewe?

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiyachokonoa maneno haya. Chukua chumvi na maji: kiyeyushi, kiyeyushwa, myeyusho. Nani kayeyusha, nani kayeyushwa, kimepatikana nini. Viambishi vimemaliza kazi kabla mwalimu hajafungua mdomo. Upande wa pili, kwenye ile kozi ya Kiingereza ya wiki za mwanzo, mtoto huyuhuyu amefundishwa kwamba "solution" ni ufumbuzi wa tatizo. Akiingia kwangu anakuta ni maji ya chumvi. Usanisinuru ni kusanisi kwa nuru, na jani linafanya hivyo hasa, linajitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Msuguano hauna haja ya fasili kwa mtu aliyesugua sufuria kwa majivu. Roda nayo, "pulley" ya kitabuni, kwa watoto wa huku pwani ni kitu wanachokijua tangu wadogo: henza, kamba ya kutwekea tanga, inapita humo, tanga linapanda. Mashine rahisi hiyo.

Sisemi Kiswahili ni asali tupu. Kina mitego yake, tena mibaya. Dukani kilo mbili za unga ni uzito wa unga; darasani hizo kilo mbili ni tungamo, "mass" kwa Kiingereza, na uzito wake ni kama newton 20. Mtaani joto ni joto, liwe la homa au la jua la saa nane, ilhali fizikia inataka joto liwe huku na jotoridi, lile linalosomwa kwenye kipimajoto, kule. Nguvu ndiyo imezidi: nguvu za mkono, nguvu ya umeme, na zile zinazotangazwa kwenye nguzo za barabarani. Mtoto anayeandika "nguvu" kila mahali hajui kwamba kani na nishati ni vitu viwili. Hapo ndipo ninapoitaka ile orodha zaidi.

Halafu, Mheshimiwa, tuchague jina moja. Gesi tunayoitoa puani nimeikuta kama hewa ukaa, kama kabonidayoksaidi, na kama dioksidi ya kaboni. Mwanafunzi wangu mmoja aliamini kabisa kwamba ni gesi tatu, na sikuweza kumlaumu. Seli kwa mwingine ni chembehai. Klorofili, ile rangi ya kijani ya majani, kwa mwingine ni umbijani. Hapa nakiri nina upande, umbijani ni neno zuri na nitalipigania. BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, ipo tangu mwaka 1967, na usanifishaji ni kazi yake. Najua haiko chini ya wizara yako, lakini Taasisi ya Elimu Tanzania iko, na watu hawa wawili wakikalishwa meza moja hawatashindwa.

Wala hawataanza sifuri. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Nakala yangu niliinunua kwa muuza vitabu vya mtumba, jalada limeshaliwa na mchwa. Wanafunzi wangu hawajawahi kuiona nyingine.

Suala la lugha ya kufundishia sitaligusa. Tume ya Rais ya mwaka 1982 ilishapendekeza Kiswahili kitumike hadi sekondari, Sera ya Elimu ya mwaka 2014 ikaligusa tena, na kuna walimu wamestaafu wakilisubiri. Mitihani na ibaki kwa Kiingereza. Wenzangu ofisini wananiambia nikiwapa watoto Kiswahili hawatajitahidi na Kiingereza. Mimi nawauliza: kile kimya cha Machi ndiko kujitahidi?

Kuhusu gharama ya karatasi, vitabu vingi kabatini kwangu vina kurasa tupu mwishoni. Watoto wanachorea mipira.

Jumatatu iliyofuata nilichora mstari katikati ya ubao. Kushoto Kiingereza, kulia Kiswahili, maneno kumi na mawili tu. Nikamwomba radhi yule binti mbele ya wenzake, jambo ambalo darasa lilishangaa kuliko ndoo. Ijumaa nikatoa swali la kujieleza. Karatasi yake ilisomeka: "Pressure is kani divided by eneo." Kisha alikata "kani" kwa mstari mmoja, akaandika juu yake "force". Akakata "eneo", akaandika "area".

Nimempa alama zote. Mkaguzi akija nitamweleza.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa sayansi, kidato cha kwanza,
Tanga.