Muulizeni mgonjwa kazi yake

Bwana Mhariri,

Vijana wanaomaliza udaktari hapa Lubumbashi huniambia wanataka upasuaji, magonjwa ya watoto, au ya wanawake. Hayo yote ni mema. Lakini mji huu umekua juu ya shaba, iliyoanza kuyeyushwa hapa mwaka 1911, na inaniuma kuona ni wachache mno wanaotaka kuwa madaktari wa afya ya kazini.

Ndiyo kazi niliyoifanya mimi, na sehemu yake kubwa haiko ofisini. Unaingia mgodini kutazama kama anayetoboa mwamba ana maji ya kulaza vumbi. Unauliza ovaroli inafuliwa wapi, maana ikifuliwa nyumbani, vumbi la madini ya risasi huwafikia mke na watoto ambao hawajakanyaga kiwandani. Halafu unarudi kwenye picha ya kifua. Vumbi la silika, madini yaliyomo ndani ya mawe mengi, huacha makovu kwenye mapafu polepole, mara nyingi kwa miaka kumi au zaidi, na picha yake huweza kufanana na ya kifua kikuu. Nimepokea wachimbaji waliokwisha kumeza dawa za kifua kikuu mara mbili, makohozi yao hayana kijidudu, na katika karatasi zao zote hakuna aliyeandika kwamba walitoboa mawe. (Silika pia hukifungulia mlango kifua kikuu chenyewe, kwa hiyo yote mawili lazima yatafutwe.)

Mwaka 1700 daktari Mwitalia Bernardino Ramazzini aliwataka wenzake wamwongezee mgonjwa swali moja: unafanya kazi gani? Kwetu swali hilo linafika mbali. Mwaka 2009 Profesa Célestin Banza wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzake wa hapa na wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha vipimo vya mkojo vya wakazi wa maeneo ya migodi ya Katanga. Kobalti, madini yanayochimbwa hapa pamoja na shaba, ilizidi yote iliyokuwa imewahi kuripotiwa kwa raia wa kawaida. Mwaka 2020 ukatoka utafiti uliofanywa humu mjini, uliokuta uhusiano kati ya watoto kuzaliwa na kasoro na baba kufanya kazi ya madini. Baba! Je, katika wodi zetu za uzazi, nani humwuliza baba?

Sitawaficha vijana ugumu wake: mara nyingi anayekulipa ndiye mwenye vumbi. Mkataba namba 161 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1985, unataka daktari wa kazini awe huru kitaaluma mbele ya mwajiri na mbele ya wafanyakazi pia. Uhuru huo unahitaji watu wengi wa kuulinda; daktari mmoja peke yake huchoka haraka.

Kwa hospitali zetu, nawasihi: kwenye faili msiandike "mfanyakazi" mkaishia hapo. Andikeni anashika nini, anavuta vumbi gani, tangu mwaka gani, na alifanya kazi gani kabla ya hiyo. Akiletwa mtoto, andikeni kazi ya baba na ya mama.

Daktari wa wafanyakazi,
Kampemba, Lubumbashi